Jinsi ya kuweka taa kwenye zebra ili dereva akuone mapema: mwongozo kamili kwa senta na miji yetu Uganda

Barabara ya kutoka Tororo kwenda Malaba usiku si ya mchezo. Jua linazama karibu saa moja mwaka mzima, giza linaingia haraka, na hapo ndo watu wamejaa barabarani: mama anavuka na beseni la nyanya, watoto wametumwa mafuta ya taa, turnboi anashuka kwenye trela kutafuta chapati na mayai ng'ambo. Mimi ni fundi stima, nimefunga taa kwenye senta kadhaa upande huu wa mashariki, na kitu kinachoniuma ni kuona pesa za watu zimemwagwa kwenye taa kali alafu bado mtu anagongwa palepale chini ya taa. Nimeona hiyo. Taa ilikuwa inawaka vizuri tu, ila ilikuwa imesimamishwa juu ya zebra kabisa, katikati, kila mtu akaona ndo mahali pake.

Sasa nataka nieleze kazi yote mwanzo mpaka mwisho, kwa fundi, kwa kaunsila, kwa injinia wa distrikti, hata kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anayeandika barua ya kuomba taa, manake yeye asipojua cha kuomba ataletewa chochote.

Anza na dereva, usianze na taa

Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikuona, mpaka akili ifike mguuni, sekunde 2 zimeisha, hapo ameshakula mita 28, alafu breki kwenye lami ya kawaida zinataka kama mita 20 zingine. Jumla 48. Akiwa kwenye 80, hesabu hiyohiyo inakupeleka mita 95 hivi, na trela lenye mzigo linataka zaidi. Na taa za chini za gari zinamuonyesha mtu wa nguo nyeusi kwa mita 30 hivi, ikiwa vioo vya taa ni visafi. Kwa hivo dereva anayeshika 50 tayari anakuona akiwa amechelewa, hata akiwa hajanywa, hata akiwa mtu mzuri tu anarudi kwake. Na mbele yake kuna trela linakuja limemwashia taa usoni, mtu akisimama katikati ya barabara anapotea kabisa kwenye ule mwanga.

Hiyo pengo kati ya mita 30 na mita 48, au 95, ndo kazi ya taa ya zebra. Ukielewa hapo, mengine yote yanajipanga.

Kaa hapo usiku uhesabu

Kabla ya kununua hata msumari, chukua kiti ukakae kando ya barabara kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne, siku ya kawaida moja na siku ya soko moja. Andika watu wanavukia wapi hasa. Usiangalie zebra ilichorwa wapi, angalia miguu ya watu. Mara nyingi utakuta zebra ilichorwa mbele ya ofisi na watu wanavukia mita 60 kutoka hapo, kwenye steji ya boda au panapouzwa chakula, na hakuna taa itakayowarudisha kwenye zebra yenu. Ni rahisi kuhamisha rangi kuliko kuhamisha watu.

Angalia pia kama kuna kona au kilima kinachomficha mtu, miti, malori yanayoegeshwa ukingoni (haya ni mabaya sana, mtu anatokea nyuma ya trela na dereva hana hata nafasi ya kumuona, hakuna taa inayopenya bati la trela, kwa hivo lazima mkubaliane kuwa mita 20 kabla ya zebra hakuna kuegesha). Na taa zingine za pale: balbu za vibanda, mabango, sheli ya mafuta. Msimu wa senene kuna wale wanaowasha zile taa kali za kutegea na mabati yanang'aa kama mchana, zikielekea barabarani zinampofusha dereva kabisa. Zungumza na wenyewe wazigeuze, wanaelewa ukiwaeleza vizuri.

Kama magari yanapita mbio, weka tuta au inua zebra yenyewe iwe kama tuta pana. Taa peke yake haipunguzi mwendo. Na ombeni ruhusa mapema: barabara kuu za taifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi tangu UNRA (mamlaka ya barabara za taifa) ilipovunjwa, Kampala ni KCCA (mamlaka ya jiji), barabara za ndani ya mji ni munisipali au tauni kaunsili. Stima sasa ni UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza stima, walichukua kwa Umeme Aprili 2025.

Mahali pa nguzo

Hapa ndo penye moyo wa kazi, nisomeni pole pole.

Taa ikiwa juu ya kichwa cha mtu inamulika utosi, mabega na lami. Dereva haoni utosi. Dereva anaona kifua, uso, tumbo, miguu, yaani upande wa mtu uliosimama wima ukimtazama. Upande huo taa ya juu kabisa haiufikii. Na taa ikiwa ng'ambo ya zebra, baada ya mtu, inamulika mgongo wake, dereva anaona kivuli cheusi tu, na kivuli cheusi kwenye barabara nyeusi mita 50 mbele ni sawa na hakuna mtu.

Kwa hivo nguzo inakaa KABLA ya zebra, upande anaotoka dereva, ili mwanga upite mbele ya dereva uende ukapige kifua cha anayevuka. Na kwa sababu sisi Uganda tunaendesha kushoto, nguzo inakaa kushoto kwa dereva. Barabara ya pande mbili inataka nguzo mbili: moja kwa wanaotoka Tororo, moja kwa wanaotoka Malaba, na ukisimama katikati ya zebra utaziona zimekaa mkabala wa pembe, moja huku moja kule, si uso kwa uso. Kama nguzo zako mbili ziko uso kwa uso, moja wapo au zote ziko mahali pabaya.

Umbali? Chukua urefu wa taa, toa mita 1.5 (hapo ni kifuani kwa mtu mzima), zidisha na 0.7. Taa ya mita 6 inakupa mita 3 na kidogo kutoka katikati ya zebra, hapo ndo mwanga wa kifuani unakuwa mkali zaidi. Lakini zebra ina upana wake, mtu anaweza kutembea ukingo wa karibu na nguzo, kwa hivo mimi nasogeza nyuma kidogo, mita 4 mpaka 5 kutoka katikati. Urefu wa nguzo mita 6 mpaka 8. Chini ya hapo mkono wa taa utagongwa na lori lenye mzigo wa juu, juu ya hapo unapoteza mwanga bure. Nguzo yenyewe isimame angalau mita 1.5 nje ya ukingo wa lami, au nyuma ya mtaro kama upo, alafu mkono uilete taa mpaka juu ya ukingo.

Hesabu unayoweza kufanya kwa kamba

Watu wanaogopa hesabu ya mwanga, lakini hii moja inatosha kukuokoa. Kiasi kinachotafutwa kinaitwa luksi, na kinachohesabiwa hapa ni luksi za wima, zile zinazopiga kifua, kwenye kimo cha mita 1.5. Idara ya barabara kuu ya Marekani, FHWA, kwenye ripoti yao ya 2008 walipendekeza luksi 20 za wima kwa zebra iliyo katikati ya barabara, na zaidi ya hapo kama pana mwanga mwingi wa nyuma au taa za magari yanayokuja. Kwa senta zetu zenye vibanda na trela mimi nalenga 30.

Chukua kamba, funga kwenye mkono wa taa, ivute mpaka kifuani kwa mtu aliyesimama katikati ya leni ya karibu. Tuseme taa iko mita 6, iko mita 5 kabla ya zebra, na mita 2 pembeni. Kamba itatoka mita 7 hivi. Sasa zidisha 7 kwa 7 kwa 7, unapata 343. Alafu chukua nguvu ya taa upande ule kwa kandela (iko kwenye karatasi ya vipimo ya taa, muuzaji akikwambia hana, muache), tuseme 2,800 kwa taa nzuri ya LED ya wati 60. 2,800 zidisha na 5 (zile mita za kabla ya zebra), gawanya kwa 343, unapata karibu luksi 41. Kata asilimia 20 ya vumbi, wadudu na kuzeeka, unabaki na 32 hivi. Hapo uko sawa.

Leni ya mbali: pembeni ni mita 5, kamba inakuwa mita 8.4, hesabu inatoa 24, ukikata unabaki na 19. Inapungua, kwa hivo ama uweke taa ya nguvu zaidi kidogo, ama uchukue lenzi inayotupa mwanga mbali upande ule. Manake mtu anayetoka kulia kwa dereva anaanzia huko huko leni ya mbali.

Sasa fanya ile ya taa iliyo juu ya zebra kabisa. Umbali wa kabla ya zebra ni 0. Kandela zozote zile, 2,800 au 10,000, zidisha na 0. Sifuri! Ndo maana nasema hata mlete taa ya uwanja wa mpira, ikiwekwa juu ya kichwa haisaidii.

Kandela zinabadilika kwa kila pembe, kwa hivo kwa mradi mkubwa omba faili la IES (lenye vipimo vya mwanga kwa kila pembe) la hiyo taa na uliingize kwenye programu ya DIALux, ni ya bure, itakuchorea zebra yote. Lakini kamba na kalamu vinatosha kukataa mpango mbovu kwenye mkutano.

Kununua taa: lenzi ya kushoto

Hili lilinikuta mwenyewe. Tuliagiza taa maalum za zebra, hizi zina lenzi inayotupa mwanga upande mmoja, zikaja, tukafunga mbili jioni, nguzo ziko mahali sahihi kabisa, kila kitu kama nilivoeleza. Giza likaingia tukawasha. Nikamwambia kijana mmoja wa boda aje kutoka mita 100 polepole na atuambie anaona nini, mwenzangu amesimama kwenye zebra na jaketi nyeusi. Boda akaja akasimama karibu kabisa. Akasema, "Mzee, mimi naona miguu tu na lami nyeupe, huyu mtu nimemuona sasa hivi nikiwa hapa." Nikapanda ngazi na tochi, nikaangalia vile vioo vidogo vya LED, vyote vimeelekea nyuma. Muuzaji alileta taa za nchi zinazoendesha kulia. Ile lenzi inatupa mwanga kwa upande kinyume, mwanga wote ulikuwa unarudi kwa dereva, hauendi kwenye zebra. Tulishusha zote, na kubadilishiwa kulichukua miezi.

Kwa hivo kwenye oda yako andika wazi: taa ya kivuko cha watu, lenzi ya nchi zinazoendesha kushoto. Na ikifika iwashe chini kabla ya kupanda, ishike uielekeze ukutani, uone mwanga unaenda upande gani. Dakika 5 tu.

Mengine ya kuandika kwenye oda: isiingize maji wala vumbi, IP66. Kikinga cha mruko wa umeme cha kilovolti 10, hapa kwetu karibu na ziwa Victoria radi si hadithi, na waya wa ardhini ufungwe kwenye kila nguzo. Rangi ya mwanga Kelvini 3000 mpaka 4000. Ile nyeupe ya bluu ya 6000 inaumiza macho usiku na inaita wadudu wengi zaidi. Mimi kwa zebra nachukua 4000 kama taa zingine za barabara ni za njano, manake dereva anaona kwa mbali kwamba hapa pamebadilika, kuna kitu. Taa isiinuliwe uso, iache imelala au ipande nyuzi 5 tu, watu wanapenda kuinua ili "ifike mbali", inafika machoni mwa dereva.

Stima au sola

Kama waya wa stima uko karibu na hauzimiki kila siku, stima ni rahisi. Lakini kabla ya kuchimba shimo pateni jibu kwa maandishi la swali moja: nani analipa bili? Nimeona taa nzima nzima, hazina kosa lolote, zimekaa giza kwa sababu mita haina yuniti na kila ofisi inasema si yetu.

Sola inaondoa bili lakini inataka hesabu ya kweli. Taa ya wati 60, masaa 6 kwa nguvu kamili na masaa 6 kwa nusu ya nguvu, inakula 360 na 180, jumla wati-saa 540 kwa usiku. Betri ibebe siku 2 za mvua: 1,080, na usiimalize yote, gawanya kwa 0.8, unapata 1,350. Kwa betri ya lithiamu ya volti 12.8 hiyo ni amp-saa (Ah) 105, nunua 120. Paneli: chukua masaa 4.5 ya jua zuri kwa siku, hasara asilimia 30, 540 gawanya kwa 3.15, inakuja wati 171, weka 200. Ilaze nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua ioshe vumbi, ingawa tuko kwenye ikweta na jua liko juu.

Sasa linganisha na zile taa za sola za dukani zimeandikwa 300W na paneli yake ni kama sinia la chai. Paneli ya mita moja ya mraba inatoa karibu wati 200 jua likiwa kali kabisa. Sinia litatoa nini? Usiweke hizo kwenye zebra, weka kwenye choo cha nyumbani.

Na hiyo nusu ya nguvu iangalie vizuri. Taa iliyokupa luksi 32 ukiishusha nusu inabaki 16, iko chini ya 20. Kwa hivo ishuke tu kama kuna sensa (kifaa cha kuhisi mtu) inayoirudisha kamili mtu akisogea, na sensa ione pale anaposubiri, mita mbili kutoka ukingoni, isingoje ashuke kwenye lami. Kama sensa haipo, acha iwake kamili usiku wote, ongeza betri na paneli.

Betri iwekwe juu ya nguzo na boliti zinazotaka spana maalum, ya chini itaibiwa. Ulinzi mzuri zaidi nimeona ni wenye vibanda na vijana wa steji kushirikishwa tangu siku ya kwanza ya kuhesabu, hao wanalala macho pale.

Pembeni ya zebra

Usimulike zebra tu ukaacha kote giza totoro. Macho ya dereva yakitoka gizani yakapiga pale yanashtuka, na akishapita haoni kitu kwa muda. Kama uwezo upo weka nguzo moja au mbili za kawaida kila upande, kila mita 30 hivi, za mwanga mdogo kuliko wa zebra. Anaposubiri mtu pia pawe na mwanga, dereva ajue kuna mtu anataka kuvuka. Rangi ya zebra ipakwe ile yenye chembe za kioo zinazorudisha mwanga. Miti ikatwe matawi, mwembe unaweza kufunika taa nzima kwa msimu mmoja wa mvua.

Kupima kabla ya kukabidhi

Usiku, giza limeiva, taa zimewaka nusu saa. Ukiwa na kipima luksi vizuri, ukikosa hata programu ya simu inakupa picha, ila ilinganishe kwanza na kipima cha kweli. Shika kwenye kimo cha mita 1.5, uso wa kipima umtazame dereva anayekuja, usiuelekeze juu. Hapa wengi wanakosea, wanalaza simu kuelekea angani, wanapata namba kubwa ya kufurahisha kamati. Pima kila mita moja ukivuka, leni zote mbili, alafu geuka upime kwa dereva wa upande mwingine. Subiri gari lipite kabla ya kusoma. Andika namba ndogo kuliko zote, hiyo ndo namba ya zebra yako, kamati isikupe ya wastani.

Alafu ile ya boda. Mtu wa jaketi nyeusi kwenye zebra, mwingine anakuja kutoka mita 100, barabara ikiwa imefungwa na askari wa trafiki, na pale anapomuona mtu kwa mara ya kwanza mnatia alama ya chaki. Pima kutoka chaki mpaka zebra. Ikiwa chini ya mita 48 mahali pa mwendo wa 50, hiyo kazi haijaisha, rudi kwenye nguzo na lenzi. Tulipobadilisha zile lenzi nilizosema, yule kijana wa boda tulimuita tena, akasimama mbali mpaka nikadhani pikipiki imezima. Akapiga kelele kutoka kule, "Nimemuona! Hata mfuko alioshika nauona."

Baada ya hapo ni kufuta vioo kila miezi mitatu, karibu na ziwa kila mwezi manake wale wadudu wa ziwani wanajaza kioo mpaka taa inakuwa kama mshumaa, na kupima tena mara moja kwa mwaka. Andikeni namba ya simu ya anayehusika kwenye nguzo yenyewe, kwa rangi, kwa maandishi makubwa, na kila nguzo iwe na namba yake ili mtu apige aseme tu nguzo ya 2 imezima.